Pima Maji

Baba alizijenga ngazi hizi mwaka niliozaliwa,
kumi na tatu, hakuna mbili za kimo kimoja.
"Mwizi atajikwaa," alisema, "mwenyeji atazijua."
Sasa mwenyeji ndiye anayejikwaa.

Tumemteremsha msana wa chini,
penye hewa ya uani na harufu ya asmini.
Alihama kama mpangaji anayedaiwa kodi,
bila kukiaga chumba.

Daktari wa Malindi aliuita ugonjwa kwa jina la Mzungu,
Pakinson, akaniandikia vidonge na saa za kumpa.
Mengine hakuandika. Mengine nimeyajua kwa michubuko:
kwamba jamvi lililokunjika pembe ni mtego,
kwamba paka watatu wa Bi Zena, wanaokuja kunusa ndoo ya samaki,
ni hatari kuliko ngazi,
kwamba kikombe kikijaa ni aibu, kikiwa nusu ni chai.

Nimeyaondoa majamvi. Nimewafukuza paka; wamerudi.
Kitanda nimekiinua kwa matofali manne
ili asizame akitaka kuinuka.
Shuka la satini la harusi yangu,
miaka kumi na tisa kabatini likimsubiri mgeni wa maana,
nimemtandikia yeye: linateleza,
naye hugeuka usiku bila kuniita.
Vishikizo vya kanzu nimevitoa, nikashona utepe wa kunata;
kila Ijumaa unalia kraaa, naye hukunja uso,
au nadhani hukunja. Uso wake siku hizi
ni ukuta uliopigwa chokaa jana.

Mlangoni ndipo anapoganda.
Si ukumbini, si kichochoroni: mlangoni,
miguu ikigoma kama punda aliyezidishiwa mchanga.
Nilimvuta mkono, tukaanguka wote.
Mwanangu Shekue ndiye aliyechukua chokaa
akachora mistari sakafuni, huku na huku ya kizingiti,
kwa nafasi ya hatua moja moja.
Baba aliitazama. "Boriti," akasema,
kwa sauti yake ya sasa, ya mtu aliye ndani ya mtungi.
Akainua mguu, akaivuka ya kwanza
kama alivyokuwa akizivuka juu ya dari lisilofunikwa,
akijihesabia kwa wito wa kupokezana karai:
Lete. Weka. Lete. Weka.
Akafika chooni.
Mimi na Shekue tukabaki tumesimama,
maana choo si mahali pa kupigia vigelegele.

Ilibaki birika, na sakafu yake isiyokauka.
Nikamwita fundi kijana, Bwanadi wa Matondoni,
aweke bomba la kushikia ukutani.
Baba akaletewa kiti. Hakukaa.
"Hilo si sawa."
"Ni sawa, mzee, nimelipima kwa jicho."
"Jicho!"

Akaniagiza mkoba wake. Miaka sita haukufunguliwa.
Pima maji ikatoka na kutu pembeni,
na mkononi mwake kile kiputo kikaingiwa na wazimu,
huku, kule, huku,
hata Bwanadi akainamisha macho kwa adabu.
Baba akailaza juu ya bomba.
Bomba likaubeba mkono.
Kiputo kikapunguza mwendo, kikatafuta, kikatua:
kushoto, unywele mmoja nje ya mstari.

Akamtazama Bwanadi.
Mimi nikamtazama Baba, na niko tayari kuapa,
ule ukuta wa chokaa ulicheka.

Bomba liling'olewa, likawekwa upya.
Saruji ya pili nililipa mimi.

Ngazi bado zipo. Nimezifungia kwa kilango cha mbao.
Jana alfajiri, kabla ya kidonge cha kwanza,
nilimkuta amekishika, kilango chote kinatetemeka,
anazitazama moja baada ya moja.
"Ya saba," akasema,
"pale nilikosea."